Michezo ya Vishimo: Mdako, Gololi na Bao katika Malezi ya Watoto

Wenye kuandika habari za miji aghalabu huandika habari za watawala, za vita, za biashara na za wanazuoni. Ni nadra kumpata mwandishi aliyekumbuka kutaja watoto wa mji ule walicheza nini walipotoka chuoni. Sababu yake ni kwamba mchezo wa mtoto huhesabiwa kuwa jambo dogo, lisilo na asili wala faida. Lakini mtu akitazama kwa makini ataona ya kuwa michezo nayo ina tarehe yake na sheria zake, na kurithiwa kwake hakufanani na urithi mwingine wowote.

Useremala, ususi, kilimo na elimu ya dini mtoto hupokea kwa mtu mzima. Mchezo hupokea kwa mtoto mwenziwe. Aliye na miaka kumi humfundisha aliye na miaka saba. Wa saba akifika kumi humfundisha mwingine, na yule wa kwanza amekwisha kuwa kijana, ameacha vishimo na kushika jembe au kalamu. Basi michezo ina sanadi yake kama elimu ilivyo na sanadi, ila pete za mnyororo huu ni fupi mno. Katika miaka mia moja hupita vizazi vinne vya wazee, bali vizazi vya watoto wachezao hupita zaidi ya ishirini. Mnyororo wa namna hii haungoji karne ili ukatike. Watoto wa mtaa wakikosa mahali pa kucheza kwa miaka minne au mitano tu, wakubwa wao huondoka na mchezo wao, na wadogo hawana tena wa kumwuliza.

Michezo ya watoto wa Kiswahili ni mingi. Iko kibe, nayo ni kujificha na kutafutana. Iko tiara, irushwayo upepo ukivuma vizuri. Iko pia, izungushwayo kwa kamba. Na iko rede, mchezo wa wasichana wa kukwepa mpira. Hapa itatazamwa mitatu tu, nayo ni ile ichezwayo juu ya ardhi iliyochimbwa vishimo. Michezo hii haitaki fedha wala chombo kutoka dukani. Yataka kipande cha ardhi, kivuli, na mawe au mbegu za kuokota.

MDAKO

Mdako huchezwa zaidi na wasichana. Huchimbwa kishimo kimoja kipana kidogo kuliko kiganja, na ndani yake hutiwa vijiwe vinavyokaribiana kwa ukubwa, labda kumi au kumi na viwili, na wachezaji huketi wakakizunguka. Mchezaji hushika jiwe moja la kurusha, lililo la mviringo zaidi ya mengine. Hulirusha juu, na kabla halijashuka huvikomba vijiwe kutoka kishimoni kwa mkono ule ule, kisha huudaka mrusho wake. Hulirusha mara ya pili, akavirudisha vijiwe kishimoni, akaacha kimoja tu nje, kisha akadaka tena. Kile kilichobaki nje ni chake, hukiweka kando. Huendelea hivyo mpaka kishimo kiwe kitupu. Akikosa kudaka, au akiacha nje viwili mahali pa kimoja, zamu yake imekwisha, na anayefuata hushika jiwe. Mkono wa pili hauruhusiwi kusaidia kwa lolote.

Akimaliza daraja ya moja moja huingia daraja ya viwili viwili, kisha ya vitatu vitatu, na vinne vinne. Hapo ndipo ilipo elimu iliyofichika. Vijiwe kumi na viwili vikitolewa viwili viwili vyaisha sawasawa. Vikitolewa vitatu vitatu vyaisha. Vikitolewa vinne vinne pia vyaisha. Lakini vikitolewa vitano vitano, viwili husalia. Mtoto wa kike ambaye hajafundishwa neno la kugawanya amekwisha kulijua kwa vidole vyake, tena kwa haraka, kwa sababu jiwe lililo hewani halimngoji.

Jambo la pili la kutazamwa katika mdako ni uamuzi. Hapana mwamuzi aliyewekwa. Wote walioketi ni mashahidi, na mchezaji mwenyewe ndiye wa kwanza kukiri kwamba ameacha viwili. Anayekana lililoonekana na wote hachezeshwi siku ya pili, na adhabu hiyo kwa mtoto ni nzito kuliko fimbo.

GOLOLI

Gololi ni mchezo wa wavulana. Kabla ya gololi za kioo kuenea, watoto wa pwani walitumia komwe na korosho. Huchimbwa kishimo kidogo, na mbali kidogo hupigwa mstari. Kila mmoja husimama mstarini akatupa gololi yake kuelekea kishimoni, na aliyeingia au aliyekaribia zaidi ndiye aanzaye. Kisha kila mmoja kwa zamu yake huifyatua gololi kwa kidole ili aipige ya mwenziwe.

Katika mchezo huu ndipo ugomvi wa wazee na watoto ulipoanzia. Kuna gololi za kucheza na kuna gololi za kula. Katika ile ya kwanza mtu hushinda, mchezo ukaisha, kila mmoja akarudi nyumbani na chake. Katika ya pili aliyepigwa hupoteza gololi yake, ikawa mali ya aliyepiga, na mtoto mwenye shabaha aweza kurudi nyumbani mifuko imejaa na wenziwe wakarudi wakilia. Wazee waliokataza gololi za kula hawakukosea. Kosa lilikuwa kwamba wengine kati yao, walipoiona hii, walikataza michezo yote kwa jumla, wala hawakupambanua. Wako walimu wa vyuo waliokuwa wakipita barazani wakikuta watoto wameketi juu ya vishimo, wakavifukia kwa nyayo zao bila kuuliza ni mchezo gani. Bao la watoto lilifukiwa pamoja na gololi za kula, na mdako pamoja nao.

BAO LA WATOTO

Bao ni mfalme wa michezo ya vishimo. Bao la wakubwa huchongwa katika ubao mzito, lakini la watoto huchimbwa mchangani, nalo ni lile lile kwa hesabu yake: mistari minne, na kila mstari vishimo vinane, jumla vishimo 32. Kete ni 64. Kete bora za pwani ni komwe, mbegu za mkomwe, ule mti wa miiba utambaao karibu na bahari. Ni ngumu, laini, za rangi ya kijivu, na mkono huzipenda. Asiyepata komwe hutumia vijiwe. Kila mchezaji humiliki mistari miwili iliyo upande wake, wa mbele na wa nyuma.

Bao la wakubwa huanza kwa kete chache ubaoni: kila mmoja huweka sita katika nyumba, ambayo ni shimo la mraba katika mstari wa mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 zilizobaki kila mmoja huzishika, akazinamua moja moja kila zamu. Sehemu hiyo ya kunamua ndiyo ngumu, na ndiyo imtambulishayo bingwa.

Bao la watoto, ambalo huitwa pia bao la kujifunza, haliingii katika ugumu huo. Kete zote 64 huwekwa chini tangu mwanzo, mbili mbili katika kila kishimo, na mchezo ukaanza mara moja. Mchezaji huchagua kishimo chake chenye kete mbili au zaidi, akazichota, akaziweka moja moja katika vishimo vinavyofuata. Kete ya mwisho ndiyo yenye hukumu. Ikiangukia kishimo chake cha mbele chenye kete, na mbele yake kishimo cha mpinzani nacho kina kete, amekula: huzichukua zile za mpinzani akazipanga upande wake mwenyewe, akianzia kishimo cha pembeni kiitwacho kichwa. Ikiangukia kishimo chenye kete lakini hapana cha kula, huzichota zote akaendelea. Ikiangukia kishimo kitupu, amelala, na zamu ni ya mwenziwe. Mwenye nafasi ya kula hana ruhusa kuiacha. Asiyeweza kula kwa mwendo wake wa kwanza hutakata, yaani huzungusha kete zake pasipo kula mpaka alale. Anayemaliziwa mstari wa mbele, au aliyebaki na kete moja moja asizoweza kuzisogeza, ameshindwa.

Tazama basi mtoto anayejua kucheza. Kabla hajagusa kete hukaa kimya, macho yakitembea katika vishimo. Huhesabu hapa sita, zitafika pale, pale pana tatu, zitafika kule, nitakula nne, nitaanza kichwani, nitalala wapi? Hukumbuka hesabu hii yote bila kuandika, wala haruhusiwi kujaribu kwa mkono kisha arudishe. Aliyegusa amecheza. Na jambo kubwa ni hili: katika bao kete hazitoki nje. Kete 64 zilizoanza ndizo 64 zitakazomaliza. Alichopoteza mmoja amekipata mwingine, na aliyekula sana leo aweza kuliwa zamu moja tu ijayo. Mtoto aliyelelewa juu ya bao hatakabari mapema, wala hakati tamaa mapema.

BAO LA JIRANI

Wazee wengi wa Kiswahili katika miji ya bara husema kwamba bao lililetwa na watu wa pwani pamoja na misafara. Hapana shaka kwamba watu wa pwani walisafiri na bao lao. Njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipitisha maelfu ya wapagazi na wafanya biashara katika karne ya kumi na tisa. Waarabu na Waswahili wa kwanza walifika Buganda katika zama za Kabaka Suna, na mwaka utajwao ni 1844. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ilipowekwa ngome na Wadachi mwaka 1897, na Kigali ilipoanzishwa mwaka 1907, askari, watumishi na wachuuzi wenye kusema Kiswahili walikuwamo, wakajenga mitaa yao, na watoto wao wakachimba vishimo mbele ya nyumba.

Lakini kusema kwamba wenyeji hawakuwa na mchezo huo ni kuwadhulumu. Waganda wanao mweso, nao una mistari minne ya vishimo vinane na kete 64, nazo huitwa empiki. John Roscoe, aliyeandika desturi za Waganda katika kitabu chake cha mwaka 1911, aliutaja mchezo huo. Wanyarwanda wanao igisoro, nao ni mistari minne na vishimo vinane vile vile, na kuucheza huitwa kubuguza. Na katika kilima cha Hyrax Hill, karibu na Nakuru katika Kenya, mabao yamechongwa katika mwamba wenyewe, mbali na bahari. Kitu kilicholetwa na mgeni aghalabu huja na jina lake, kama vile kitabu na kalamu zilivyokuja na majina yake. Jina la bao halikufika pamoja na mchezo huo kwa majirani hawa. Kila kaumu ina jina lake na istilahi zake, na hiyo ni dalili kwamba mgeni alipofika alimkuta mwenyeji naye ameketi juu ya vishimo.

Sheria zao pia zinatofautiana kidogo. Mwenye kucheza bao la Kiswahili hula kete za kishimo cha mbele peke yake. Mwenye kucheza mweso hali mpaka vishimo vyote viwili vya mpinzani, cha mbele na cha nyuma yake, viwe na kete, na hapo huchukua vyote viwili. Katika mweso hapana kunamua. Kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo.

Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Bao la wakubwa wa pwani, lenye nyumba yake na kunamua kwake, liko mbali na mweso, na bingwa wa huku akikutana na bingwa wa kule kila mmoja humwona mwenziwe hajui. Bali bao la watoto, kwa kuwa kete zote huwekwa chini tangu mwanzo, liko karibu sana na la jirani. Mtoto wa Kiswahili aliyehamia Kampala na asiyejua neno la Kiganda aliweza kuketi mbele ya mtoto wa Kiganda, akamwona akipanga kete 64 katika vishimo 32, akafahamu mara moja kinachotakiwa. Lililobaki kujifunza lilikuwa sheria moja au mbili, na hizo huonyeshwa kwa kidole. Wazazi wao walikuwa wakiitana mgeni na mwenyeji, na pengine wakitazamana kwa shaka. Watoto walikuwa wakigombania zamu.

Jamaa za Kiislamu katika nchi hizi zilikaa muda mrefu katika mitaa ya peke yake, na majirani waliwaita watu wa kuja, hata wale waliozaliwa huko na babu zao. Kwa hiyo ni vema kukumbuka kwamba ilikuwapo ardhi moja ndogo, yenye upana wa mikono miwili, ambayo mgeni na mwenyeji wote wawili waliijua tangu kale.

HUKUMU YA WANAZUONI

Limebaki swali la wale waliovifukia vishimo. Je, walikuwa na hoja katika dini?

Mtu asiyesoma hudhani kwamba vitabu vya sheria havikushughulika na mambo kama haya. Sivyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, suala la michezo hutajwa katika mlango wa ushahidi, kwa sababu mcheza kamari haukubaliwi ushahidi wake, ikalazimu kubainisha mchezo upi ni upi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Minhaji ameharimisha nardi, ambayo huchezwa kwa dado, na sataranji ameifanya kuwa makuruhu tu. Lakini sataranji ikiwekewa mali kutoka pande zote mbili huwa kamari.

Naye Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, sawa na 1567, katika kuisherehesha Minhaji ndani ya kitabu chake Tuhfa, ameeleza kanuni: mchezo ambao tegemeo lake ni hesabu na fikra hauharimu, na ambao tegemeo lake ni kubahatisha huharimu. Na katika kutoa mfano wa mchezo wa hesabu ametaja mankala, akaieleza kuwa ni vishimo au mistari ambayo vijiwe huhamishwa humo kwa hesabu. Mchezo huo ni ndugu wa bao. Basi mwalimu aliyelifukia bao la watoto, naye Tuhfa iko juu ya rafu yake, alikuwa amefukia kitu ambacho kitabu chake kilikwisha kukitolea hukumu karibu miaka mia nne kabla yake.

Kwa kanuni hiyo mambo hupambanuka. Bao na mdako, visipowekewa mali, havina lawama. Gololi za kucheza hali kadhalika, kwa kuwa tegemeo lake ni shabaha. Gololi za kula ndizo zinazomzoesha mtoto kuchukua mali ya mwenziwe kwa mchezo, na hizo zafaa kukatazwa. Na yote hayo kwa masharti yajulikanayo: sala isipitwe na wakati wake, na ulimi usichafuke kwa matusi.

Tena Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika Ihya, alipoeleza malezi ya mtoto, alitaka mtoto aruhusiwe mchezo mwema baada ya kutoka chuoni, apumzike na taabu ya kusoma. Alionya kwamba mtoto anayezuiwa mchezo na kulazimishwa elimu daima moyo wake hufa, akili yake huharibika, na hatimaye hutafuta hila za kuikimbia elimu yenyewe. Na katika Hadithi sahihi imepokewa kwamba Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, alikuwa akicheza na wanasesere wake na wenziwe nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, wala hakumkataza.

KHATIMA

Siku hizi hawako wengi wanaovifukia vishimo kwa nyayo. Vishimo vimefukiwa na mambo mengine. Ua wa mbele ya nyumba umejengwa chumba cha kupangisha. Baraza imekuwa duka. Uwanja wa madrasa umetiwa saruji ili usiwe na matope. Mtoto aliyebaki bila ardhi amepewa simu ya mkononi, na humo huonyeshwa michezo ambayo hakuna mtoto mwenziwe aliyemfundisha, wala hapana aliyeketi mbele yake wa kusema umeacha viwili. Mambo hayo si dhambi ya mtu mmoja. Nyumba zimekuwa ghali, miji imejaa, na saruji ina faida zake.

Lakini wenye kujenga madrasa wakumbuke ya kwamba sanadi ya watoto ni fupi, nayo haihifadhiki kwa kuandikwa katika kitabu kama hiki. Yaliyoelezwa hapa juu ya kuchota, kula na kulala hayatoshi kumfundisha mtoto bao, kama vile maelezo ya kuogelea yasivyomwokoa mtu majini. Linalotosha ni mtoto mmoja ajuaye, mtoto mwingine asiyejua, na kivuli cha mwembe. Katika kila ua wa madrasa paachwe kipande kisichotiwa saruji, cha hatua chache kwa hatua chache. Mzee anayelijua bao na ashuke kwenye kiti chake siku moja, achimbe vishimo 32 mbele ya wajukuu, aweke kete mbili mbili, acheze nao mara moja, kisha aondoke awaachie. Walio katika mtaa mmoja na majirani wa kabila na dini nyingine wasiwazuie watoto wa jirani kuketi upande wa pili wa bao, kwani babu zao walikuwa wameketi hapo zamani.

Wallahu a'lam.